Usimuulize kambo «unaniyua?»: demensia na usemi unaopungua

Mgeni akiingia kwenye lupangu (ua la nyumba) lenye kambo, yaani babu au nyanya, mwenye demensia, ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu, akili au usemi polepole, neno la kwanza kumtoka ni hili: «Kambo, unaniyua? Mi ni nani?» Mzee anatabasamu na kujibu, «Eee, nakuyua.» Mgeni anakazana: «Basi taja jina langu!» Hapo uso wa mzee unajifunga, na watoto wanaanza kucheka. Aliyeuliza alitaka kuonyesha mapenzi. Alichofanya ni kumpa mzee mtihani mbele za watu, tena katika somo ambalo ugonjwa hulifuta mapema: majina ya watu.

Simama mbele yake, useme mwenyewe: «Jambo kambo. Ni miye Mado, mtoto wa yaya wako Charlotte. Nimekuja kukusalimia.» Jina, ukoo (yaya ni dada mkubwa), sababu ya kuja. Mzee keshapata vyote alivyovihitaji, na mazungumzo yanaanza bila mtu kuaibika.

Haya nawaandikia wale wa Lubumbashi wanaokaa na mzee wa namna hiyo nyumbani. Usemi hauharibiki ovyo. Una vipande vyake: jina la kitu, maana ya kitu, sauti ya neno, mpangilio wa sentensi, nguvu ya kukumbuka sentensi mpaka iishe. Ugonjwa huanza na kipande hiki au kile. Ukijua kipi kimekwenda, unajua pia uongee vipi ili kilichobaki kifanye kazi.

Salamu hudanganya

Familia nyingi huchelewa kutambua kwa sababu salamu hazifi haraka. Maneno ambayo kinywa kimeyarudia maelfu ya mara hubaki hata pale ambapo mtu hawezi tena kutunga sentensi yake mwenyewe: jambo, habari ya nyumba, watoto wazima, Baba Yetu, Salamu Maria, kuhesabu moja mpaka kumi, siku za juma, nyimbo za kwaya. Mzee anaweza kupokea wageni kumi, akamuuliza kila mmoja habari za kwao, na wote wakaondoka wakisema «huyu ni mzima kabisa». Daktari mwenye dakika tano naye hudanganyika vilevile. Wewe unayelala naye nyumba moja ndiye unayeonekana mwongo.

Ukitaka kuona hali yenyewe, mwombe aeleze kazi yenye hatua. Kipimo ninachokipenda ni bukari (ugali). «Kambo, nielezee namna ya kusonga bukari, toka mwanzo.» Usimsaidie wala usimmalizie. Mtu mwenye afya atakuambia: unawasha makala kwenye mbabula (jiko la mkaa), unateleka maji, yakipata moto unatia unga kidogo, unakoroga, unaacha itokote, unaongeza unga, unasonga kwa mwiko mpaka ikaze, unaipakua kwenye sahani. Hatua nane hivi, kila moja mahali pake. Mzee mwanamume ambaye hajawahi kushika mwiko, nao ni wengi kuliko wanavyokubali, aeleze namna ya kuziba tairi ya baiskeli. Mrekodi kwa simu, dakika mbili zatosha, weka tarehe, na urudie baada ya miezi 6. Video mbili za namna hiyo zitamfaa daktari kuliko hadithi zote utakazomsimulia.

Sasa sikiliza anakwama wapi, kwa sababu bukari ile ile huharibika kwa njia tofauti.

Wa kwanza atasema: «Unaweka ile... ile kintu ku maji, halafu unafanya vile, unafanya vile, inakuwa muzuri, basi.» Sentensi inatiririka, sauti ni safi, ila majina ya vitu hayamo. Mwiko unakuwa «kale kantu ka kusongea», au anauita kijiko. Mpe mwiko mkononi na atasonga bila shida. Jina ndilo limekwama. Kitu chenyewe bado anakijua. Huu ndio usemi wa kawaida wa Alzheimer, ugonjwa unaobeba asilimia 60 hadi 70 ya demensia zote duniani.

Wa pili atakuuliza: «Mwiko? Mwiko ni nini?» Anaongea haraka na vizuri, hagugumii, lakini neno limepoteza maana. Swali hilo, likitoka kwa mtu aliyepika miaka hamsini, lina uzito kuliko kusahau majina ishirini. Polepole mbuzi, paka na kondoo wote wanakuwa «mbwa», na baadaye hata kitu chenyewe ukimpa atakigeuzageuza tu. Kumdokezea herufi ya kwanza ya neno hakumsaidii, kwa sababu jina na maana vyote viwili vimeondoka.

Wa tatu anapambana: «Maji... moto... u... nguu... unga. Songa.» Maneno yanatoka moja moja, sauti zinapinda, jasho linamtoka. Huyu anaelewa karibu kila unachosema, na ndiye anayeonewa zaidi. Watu humwona mjinga, wakaanza kumjadili mbele yake kana kwamba ni kiti.

Wa nne anajenga sentensi sawasawa, lakini anasimama katikati muda mrefu akitafuta neno. Mwambie arudie (Kenya hapa ni mtaa wa Lubumbashi): «Mama Chantal alikwenda soko la Kenya asubuhi kununua samaki na mafuta.» Atakurudishia vipande viwili vya mwisho, au viwili vya mwanzo. Sentensi inamponyoka kabla haijaisha. Kwa hiyo mpe fupi fupi: «Mama Chantal alikwenda sokoni.» Ngoja. «Alinunua samaki.»

Watu watatu hawa wa mwisho, yaani mpoteza maana, mpambanaji na mtafuta maneno, wanaweza kuanza kuugua usemi wakati kumbukumbu yao bado ni nzima. Wanakwenda mjini peke yao, wanajua njia, wanahesabu pesa, lakini hawawezi kuongea kama zamani, na mara nyingi hawajafika miaka 65. Daktari Arnold Pick aliwaandika wagonjwa wa aina hii huko Praha tangu 1892. Mwaka 1982 daktari Marsel Mesulam alieleza habari za watu sita nchini Marekani ambao usemi wao ulidhoofu miaka kadhaa bila akili nyingine kuguswa, na mwaka 2011 wataalamu wakakubaliana juu ya vigezo vya aina tatu hizo. Kwa familia faida ya kujua hili ni moja: mtu wa miaka 55 anayepoteza maneno hana «uzee», wala hajalogwa. Ana ugonjwa wa ubongo wenye jina.

Zipo sura nyingine mbili za kupitia kwa haraka. Demensia inayotokana na mishipa ya damu kuziba huja kwa ngazi: leo sawa, kesho imeshuka, inatulia, inashuka tena, ulimi unakuwa mzito kama wa mlevi. Demensia ya Lewy na ile ya Parkinson huifanya sauti iwe ndogo, mtu ananong'ona bila kujua. Ile ya Lewy tena hubadilika mchana na usiku: asubuhi mazungumzo yenye akili, jioni hakuna hata sentensi. Mzee wa namna hii si mwigizaji.

Kabla ya kusema ni demensia

Demensia huja kwa miezi na miaka. Usemi ulioharibika kwa saa au siku ni jambo lingine, na halingoji. Mdomo umeinama upande mmoja, mkono umelegea, maneno yamevurugika ghafula: hicho ni kiharusi, mpeleke hospitali saa ile ile, na useme saa uliyomwona mzima mara ya mwisho. Kama amechanganyikiwa ndani ya siku mbili tatu, mara amelala mno, mara ana hasira, tafuta malaria, maambukizi ya mkojo, homa ya mapafu, kukosa maji mwilini, choo kigumu cha siku nyingi, au sukari iliyoshuka kwa mtu wa kisukari. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila joto kupanda. Kama alianguka wiki tatu zilizopita na sasa anapoteza maneno na kichwa kinamuuma, damu inaweza kuwa inakusanyika chini ya fuvu. Hilo hupasuliwa, na wengi hupona.

Angalia pia mfuko wa dawa. Diazepamu, prometazini, klorofeniramini ya mafua na amitriptilini, zote huuzwa kirahisi katika maduka yetu ya dawa, na zote huweza kumfanya mzee aongee kama mtu aliye ndotoni. Kwinini huleta mlio masikioni na kupunguza usikivu siku anazoitumia. Jentamisini inaweza kuua usikivu moja kwa moja. Usisimamishe dawa kwa kubahatisha, maana nyingine zikikatwa ghafula zinadhuru. Zibebe zote kwenye mfuko mmoja, umwonyeshe daktari. Mwombe pia apime tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na virusi vya UKIMWI, maana hizo ni shida zenye matibabu.

Halafu masikio. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu naona watu wanaliruka. Mzee asiyesikia hujibu kisichoulizwa, hukaa kimya, hukasirika, na kila mtu anasema akili imekwenda. Ripoti ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 iliweka kupungua kwa usikivu kati ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia yenyewe. Pima hivi: simama nyuma yake, umbali wa mkono mmoja, mzibe sikio moja kwa kidole, nong'ona maneno matatu anayoyajua, kama «maji, mutoto, nyumba», arudie. Badilisha sikio. Akishindwa upande mmoja tu, huenda ni nta. Matone 2 au 3 ya mafuta ya kula yenye uvuguvugu, jioni, siku 3 hadi 5, hulainisha nta. Kisha muuguzi aoshe kwa maji ya joto la mwili. Usitie kitu kama sikio linatoa usaha au liliwahi kutoboka. Na tupa kabisa vile vijiti vya pamba na kofia za kalamu: vinaisukuma nta ndani.

Lugha ya kwanza inarudi

Lubumbashi ina shida yake. Baba Mluba, mama Mbemba, mtoto amekulia Kiswahili, ofisini Kifaransa. Lugha zilizojifunzwa baadaye na kutumiwa kidogo ndizo huchoka kwanza kwa wengi. Mzee aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, miaka thelathini kwa Kifaransa anaanza kumjibu mkubwa wake wa zamani kwa Kiswahili, kisha anamjibu mjukuu kwa Kibemba au Kiruund, lugha ambayo mjukuu hajui hata kuiomba maji. Hajui kwamba amebadilisha. Uwezo wa kuchagua lugha kwa kumtazama mtu uliye naye nao ni kazi ya ubongo, na umechoka.

Usimwambie «ongea Kiswahili». Mfuate. Mtafute ndugu wa rika lake, mketi naye mara moja, mrekodi kwenye simu maneno 20 ya lazima katika lugha ya mzee: maji, njaa, inauma, baridi, choo, kaa, simama, lala, twende, bado, basi, mama, mtoto wangu, niko hapa, usiku, asubuhi, dawa, funga mlango, asante, pole. Kila anayemtunza ayajifunze, hata kijana mliyemwajiri. Maneno ya baridi yatawafaa sana mwezi wa sita na wa saba.

Hesabu zina mtego wake. Bei tunazitaja kwa Kifaransa, pesa ni faranga na dola pamoja, na saa tunazisema mara kwa Kifaransa mara kwa Kiswahili, kwa hiyo «huit heures» ni saa mbili. Mtu mwenye afya anavuka kati ya hizo mbili bila kufikiri. Mzee wako anaweza kumeza dawa ya saa mbili saa nane. Chagueni namna moja nyumbani nzima, na bora msiseme saa: semeni «baada ya chai», «kabla ya kulala».

Wanaosema kwamba kujua lugha nyingi kunakinga wana msingi fulani. Utafiti wa Hyderabad nchini India uliotolewa mwaka 2013, kwa wagonjwa 648, uliona kwamba wenye lugha mbili au zaidi walianza kuugua miaka 4.5 baadaye, hata wasiosoma. Wengine wamepinga ukubwa wa tofauti hiyo. Vyovyote iwavyo, kuchelewa si kukingwa.

Kiswahili chenyewe kina mitego

Ushauri mwingi unaozunguka umetungwa kwa watu wa lugha nyingine. Zipo sehemu tatu ambapo lugha yetu inamchanganya mgonjwa kwa namna yake.

Kwanza, mtendaji amejificha ndani ya kitenzi. «Amekuja. Amesema atarudi.» Nani? Mwanamume, mwanamke, daktari, mwizi? Sisi tunakumbuka sentensi ya nyuma. Yeye hana ya nyuma. Rudia jina kila mara: «Mama Chantal amekuja. Mama Chantal yuko mlangoni. Mama Chantal ameleta samaki.» Inachosha sikio lako, inamtuliza yeye.

Pili, kukana ni silabi ndogo. «Usiende nje» ina neno kubwa moja, «nje», na ndilo anashika. Anainuka na kwenda. «Usishike mbabula» inampeleka mkono kwenye mbabula. Sema unachotaka afanye: «Kaa hapa na miye.» «Leta mkono huku.»

Tatu, swali na jibu vinatofautiana kwa sauti tu. «Umekula» na «Umekula?» ni neno moja, na wengi hawasikii tena ule mpando wa sauti mwishoni. Onyesha sahani, inua nyusi, uliza «Unataka bukari?» na uionyeshe. Mkitaka achague, toa vitu viwili mikononi, visizidi viwili: kikwembe (kitenge) hiki au hiki, chai au maji.

Mengine ni ya kila lugha, lakini yafanyeni kwa uhakika. Zimeni redio, muziki wa jirani hamuuwezi. Keti mpaka macho yenu yawe sawa, mwanga ukuangukie wewe usoni na usitoke nyuma yako, maana nusu ya usikivu wa mzee iko kwenye midomo yako. Mguse mkono, mwite, ngoja akutazame. Wazo moja. Kisha nyamaza na uhesabu kimoyomoyo hadi 10, polepole. Watu wengi hawafiki hata 3, wanarudia swali kwa maneno mapya, na mzee aliyekuwa ameshafika nusu ya jibu anaanza upya. Ukirudia, rudia kwa maneno yale yale. Ya pili ikishindwa ndipo ubadilishe. Acha «kwa nini» na «lini», zinataka kumbukumbu. Mambo mazito, kama hospitali, kuoga au pesa, yawe asubuhi. Kuanzia saa kumi na moja jioni, jua likizama na umeme umekatika, vivuli vinatembea ukutani na maneno yanaisha.

Akisema neno lisilo sahihi na umeelewa, usimsahihishe. Akisema «leta kijiko» huku akitazama mwiko, mpe mwiko na useme «huu hapa mwiko». Akikuita kwa jina la mama yake, fikiri kwanza. Katika familia nyingi mjukuu amerithi jina la nyanya, na tangu azaliwe anaitwa «mama». Hilo si kosa hata kidogo. Sahihisha tu pale penye hatari: dawa, moto, mlango wa barabarani.

Ndiyo yake pia usiiamini haraka. Uliza «Unaumwa?» Anasema ndiyo. Baadaye uliza «Uko sawa?» Anasema ndiyo. Basi jibu hilo ni adabu, halina habari ndani yake.

Swali linalorudiwa mara ishirini, «Mado atarudi lini?», linarudiwa kwa sababu jibu halikai. Jibu kwa maneno machache, sauti ile ile. «Nimeshakuambia!» inamfundisha jambo moja tu, kwamba umekasirika, na hilo hukaa kuliko jibu. Kusoma hubaki muda mrefu kwa wengi: chukua kipande cha katoni, andika kwa kalamu nzito, herufi za sentimita 3 au zaidi, kwa lugha aliyosomea shuleni: MADO YUKO KAZINI. ATARUDI JIONI. Kiweke mahali anapoketi, mwonyeshe kila akiuliza. Baada ya siku chache baadhi hukitazama wenyewe. Mwingine atakisoma kwa sauti na kuuliza tena. Hapo kinachoulizwa si saa, ni hofu, na kikombe cha chai kitajibu vizuri zaidi.

Anapoongea na waliokufa

Hili linaua watu. Mzee anamwita kaka yake aliyezikwa zamani, anaongea usiku na mtu asiyeonekana, jirani anasikia juu ya ukuta, na neno «bulozi», yaani uchawi, linaanza kutembea mtaani. Yapo maelezo mawili. Kumbukumbu za karibuni zimefutika, kwa hiyo katika akili yake kaka hajafa. Au ana demensia ya Lewy, ambayo huleta maono ya wazi ya watu na wanyama, mara nyingi watoto wadogo. Usibishane na maono, usijifanye unayaona. «Miye simuoni, lakini niko hapa na weye.» Washa taa, ondoa koti lililotundikwa ukutani.

Waeleze majirani na mchungaji mapema, kabla ya uvumi. Mkielekea hospitali, Cliniques universitaires (hospitali ya chuo kikuu) au kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain cha watawa Ndugu wa Upendo, tajeni maono hayo waziwazi, kwa sababu haloperidoli, dawa inayotolewa kwa wepesi kwa mtu anayeongea peke yake, inaweza kumkaza mwili mgonjwa wa Lewy mpaka ashindwe kumeza, na hata kumwua. Dawa za Alzheimer zilizopo, kama donepezili na memantini, husaidia baadhi kidogo na kwa muda. Hakuna inayorudisha maneno, na kwa aina inayoanzia mbele ya ubongo donepezili inaweza kuongeza vurugu. Anayekuuzia chupa ya kurudisha usemi anakuibia.

Kwa mpambanaji na mtafuta maneno, mazoezi yana faida yakianza mapema: maneno 10 anayoyahitaji kweli, vitu vyenyewe mezani, dakika 15 kila siku. Yakisimama, faida hupotea, na maneno ambayo hayakufanyiwa mazoezi hayaponi kwa kupitia mengine. Tengenezeni pia daftari la picha za watu wa nyumbani na majina chini. Na hati za lupangu, deni na wosia vizungumzwe mbele ya mashahidi wakati bado anaweza kusema hapana. Kwa mzee wa Alzheimer aliyefika mbali, acheni mazoezi. Imbeni naye.

Maneno yakiisha

Mwishoni hubaki silabi inayorudiwa, mwangwi wa neno lako la mwisho, au kimya. Misuli ya kuongea ndiyo ya kumeza, kwa hiyo sauti ikianza kuwa na majimaji baada ya kunywa, au akikohoa kila akila, chakula kinaelekea mapafuni. Aketi wima, kidevu kishuke kidogo, kijiko kidogo, ngoja ameze kabla ya kingine, abaki ameketi dakika 30 baadaye. Uji mzito humezwa kirahisi kuliko maji. Bukari kavu ni hatari. Ilainishe kwa mchuzi wa sombe (kisamvu), na hakikisha shavuni hamkubaki kitu.

Maumivu hayasemwi tena, yanatazamwa. Wauguzi wana kipimo cha mambo matano, kila moja 0 hadi 2: pumzi, sauti ya kulalamika, uso, mwili, na kama anatulia ukimbembeleza. Mpime akiwa ametulia, kisha unapomgeuza au kumwosha. Namba ikipanda wakati wa kumgeuza, tafuta kidonda, jino, kibofu kilichojaa au mguu uliovimba kabla ya kusema ana ukorofi.

Na simu. Ndugu wa Kolwezi na wa Ubelgiji watataka kuongea naye kila Jumapili, tena kwa sauti tupu, ambayo ndiyo njia mbaya kuliko zote: hakuna uso, sauti inachelewa, na yeye anaona kisanduku kinachoongea. Tumieni video, simu iegemee kitu mezani ili isitikisike mkononi, sauti ipande, mtu mmoja tu upande wa pili. Aliye Ulaya aanze kwa jina lake na ukoo wake, aimbe au asali sala anayoijua mzee, aonyeshe mtoto. Dakika 5 zatosha. Anayetaka kujua hali ya ugonjwa akupigie wewe baadaye, mzee akiwa amelala.